Pensheni ya serikali na mafao ya mwenzi au mjane nchini Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maelezo haya yanawahusu waliofanya kazi serikalini Marekani bila kukatwa kodi ya Hifadhi ya Jamii (Social Security), huku mume au mke wao akikatwa kodi hiyo kazini kwake. Kwa zaidi ya miaka 40 watu hawa walipoteza sehemu kubwa ya mafao ya mwenzi, yaani yale anayolipwa mtu kupitia rekodi ya mume au mke wake, na wengi walipoteza yote. Makato hayo yamefutwa. Lakini kufutwa kwa kato hakumpi fedha mtu ambaye hajawahi kuomba, na hakumpi mtu yeyote mafao mawili kamili kwa pamoja. Mambo hayo mawili ndiyo yanayowaumiza watu zaidi, kwa hiyo tumeyaeleza kwa urefu.

GPO ilikuwa nini, na ilikata kiasi gani?

GPO ni kifupi cha jina la kanuni iliyopunguza mafao ya mwenzi au mjane ambaye yeye mwenyewe alikuwa na pensheni ya serikali, pensheni iliyotokana na kazi isiyokatwa kodi ya Hifadhi ya Jamii. Bunge la Marekani liliitunga mwaka 1977, na mwanzoni kila dola ya pensheni ilifuta dola moja ya mafao. Mwaka 1983 kato likashushwa hadi theluthi mbili ya pensheni, na hapo likakaa.

Chukua mwalimu wa Texas mwenye pensheni ya dola 2,400 kwa mwezi, ambaye mumewe anapata dola 2,200 za Hifadhi ya Jamii. Nusu ya fedha za mume, dola 1,100, ndiyo ingekuwa haki ya mke. Theluthi mbili ya 2,400 ni 1,600, kwa hiyo 1,100 yote ilimezwa. Mume akifariki, mjane alistahili 2,200, lakini baada ya kukatwa 1,600 alibaki na 600. Nyumba iliyokuwa ikiingiza dola 4,600 ilishuka hadi 3,000 kwa sababu ya msiba mmoja. Leo mjane huyohuyo analipwa 2,200 zote juu ya pensheni yake.

Walioguswa zaidi ni walimu wa majimbo kama California, Texas, Illinois, Ohio, Massachusetts na Louisiana, polisi na zimamoto wa maeneo mengi, na watumishi wa serikali kuu walio chini ya mfumo wa zamani wa CSRS. Walio chini ya FERS, mfumo mpya wa watumishi wa serikali kuu, hukatwa kodi ya Hifadhi ya Jamii, hivyo GPO haikuwahusu.

Nitajuaje kama kazi yangu ilikatwa kodi hiyo?

Tazama fomu zako za W-2, zinazoonyesha mshahara na makato ya mwaka, za miaka ya kazi hiyo. Kisanduku namba 4 huonyesha kodi ya Hifadhi ya Jamii. Kikiwa tupu, kazi yako haikuwa ndani ya mfumo. Usichanganye na kisanduku namba 6, ambacho ni kodi ya Medicare, bima ya afya ya wazee: watumishi wengi wa majimbo walioajiriwa baada ya Machi 31, 1986 hukatwa ya Medicare bila kukatwa ile nyingine. Kama kisanduku namba 4 kilikuwa na kiasi miaka yote, sheria mpya haikubadilishii chochote, kwa sababu hukuwahi kukatwa mafao. Watumishi wengi wa majimbo na serikali za mitaa wako katika kundi hilo.

WEP nayo ni ileile?

Hapana. GPO ilikata mafao unayopata kupitia mwenzi. WEP ilikata mafao yako mwenyewe, kama ulikuwa na pensheni ya serikali na pia ulifanya kazi nyingine iliyokatwa kodi. Ilibadili kikokotoo: sehemu ya kwanza ya wastani wa kipato, inayozidishwa kwa asilimia 90, iliweza kushushwa hadi asilimia 40. Kwa aliyefikia umri wa miaka 62 mwaka 2024, upungufu wa juu ulikuwa dola 587 kwa mwezi.

WEP iliwagusa pia mwenzi na watoto waliolipwa kupitia rekodi ya mtu huyo, kwa kuwa mafao yao yalihesabiwa kutoka kwenye kiwango kilichokwishapunguzwa. Mfanyakazi akifariki, mafao ya mjane yalihesabiwa upya bila WEP.

Makato haya yalifutwa lini?

Rais Biden alitia saini Januari 5, 2025 sheria namba 118-273, inayojulikana kama Social Security Fairness Act. Inafuta GPO na WEP kwa mafao ya kuanzia Januari 2024, hivyo Desemba 2023 ndio mwezi wa mwisho wa makato. Mamlaka ya Hifadhi ya Jamii, SSA, ilianza kulipa malimbikizo mwishoni mwa Februari 2025, na wengi waliona kiwango kipya cha mwezi kuanzia malipo ya Aprili. Kufikia Julai 2025 ilitangaza kwamba imekamilisha malipo zaidi ya milioni 3.1 yenye jumla ya dola bilioni 17.

Miaka ya kabla ya 2024 hailipwi. Mjane aliyekatwa tangu 2005 harudishiwi fedha za miaka hiyo, na hakuna fomu wala rufaa inayoweza kubadili hilo.

Sikuwahi kuomba kwa sababu niliambiwa sitapata kitu. Nifanye nini?

Omba leo, usingoje mwisho wa mwezi. Tarehe ya maombi ndiyo inayoamua malipo yaanzie wapi, na kila mwezi unaopita unaweza kuwa mwezi uliopotea moja kwa moja.

Kwa macho ya SSA kuna makundi mawili. La kwanza ni walioomba zamani, wakakubaliwa, kisha GPO ikashusha malipo yao hadi sifuri. Hao wamo kwenye rekodi, na marekebisho yao yalifanywa bila wao kuomba tena. Wanachohitaji ni anwani na akaunti ya benki zilizo sahihi. La pili ni wale waliouliza kwa mdomo, karani akawaambia wasijisumbue, wakaenda nyumbani. Hao hawamo popote. SSA haina namna ya kujua kwamba mstaafu fulani ni mjane wa mfanyakazi fulani mpaka mwenyewe ajitokeze, na sheria haikuwapa tarehe ya kuanzia tofauti na ya waombaji wengine.

Waombaji wa kawaida hurudishwa nyuma kwa miezi isiyozidi 6, na hapo ni kama wamekwisha kufikia umri kamili wa kustaafu, yaani umri ambao mafao hulipwa bila kupunguzwa kwa kuanza mapema. Aliye chini ya umri huo kwa kawaida harudishwi nyuma, kwa sababu kufanya hivyo kungempunguzia kiwango cha kudumu. Kwa mfano, mjane mwenye miaka 74 anayeomba Septemba anaweza kulipwa kuanzia Machi ya mwaka huohuo. Ya kabla ya hapo yamekwenda.

Mafao ya mwenzi yanaweza kuombwa mtandaoni kupitia ssa.gov. Ya mjane au mgane huombwa kwa simu namba 1-800-772-1213 au katika ofisi ya SSA. Ukipiga simu ukapewa miadi ya wiki kadhaa mbele, mwambie karani aandike kwamba umeonyesha nia ya kuomba siku hiyo, taja aina ya mafao, na andika jina lake na tarehe kwenye karatasi yako. Nia hiyo ikiandikwa, tarehe yako inalindwa mradi ukamilishe maombi ndani ya muda utakaoelezwa kwenye barua yao. Isipoandikwa, siku ya miadi ndiyo itakayohesabiwa.

Andaa namba za Hifadhi ya Jamii zako na za mwenzi, cheti chako cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, hati ya talaka kama ipo, cheti cha kifo kwa mjane, fomu ya W-2 ya mwaka uliopita kama unafanya kazi, na namba za akaunti ya benki. Kukosa karatasi moja kusikucheleweshe: wasilisha maombi kwanza, karatasi zifuate. SSA hutoa mkalimani bila malipo kwa anayetaka kuzungumza Kiswahili, na kuomba hakulipiwi. Anayekudai ada ili "akufungulie faili la sheria mpya" ni tapeli.

Kwa kuwa GPO imefutwa, je, nitapata mafao yangu ya Hifadhi ya Jamii na ya mwenzi yote mawili?

Hapana, na hapa ndipo matumaini ya wengi huvunjika wanapoona barua ya SSA. Kanuni ya kustahili mara mbili ipo tangu zamani, inamhusu kila Mmarekani, na haikuguswa. Unalipwa mafao yako kwanza. Kama ya mwenzi ni makubwa zaidi, unaongezewa tofauti tu.

Rudi kwa mwalimu wetu. Tuseme aliwahi kufanya kazi dukani miaka kadhaa na ana dola 700 zake mwenyewe. Kupitia mume anastahili 1,100. Atalipwa 700 zake na nyongeza ya 400, jumla 1,100, wala si 1,800. Akiwa mjane atalipwa 700 na nyongeza ya 1,500, jumla 2,200. Pensheni yake ya ualimu inabaki palepale pembeni.

Ndiyo maana baadhi ya watu waliofutiwa WEP hawakuona mabadiliko makubwa: mafao yao wenyewe yalipanda kwa dola 300, lakini nyongeza ya mwenzi ikashuka kwa dola zilezile 300. Barua ikionyesha hivyo, si kosa la hesabu.

Kumbuka pia kwamba masharti ya pointi 40, zinazopatikana kwa kazi iliyokatwa kodi ya Hifadhi ya Jamii, hayakufutwa. Asiyekuwa nazo hana mafao yake mwenyewe ya kustaafu. Anachoweza kupata ni ya mwenzi au ya mjane.

Je, mfuko wangu wa pensheni utanikata kwa sababu sasa napokea Hifadhi ya Jamii?

Kwa mifuko mingi ya majimbo, hapana. Tahadhari ni kwa walio chini ya CSRS Offset, yaani watumishi wa serikali kuu waliorudi kazini baada ya 1983 wakakatwa michango yote miwili, wa CSRS na wa Hifadhi ya Jamii. Pensheni yao hupunguzwa wanapostahili Hifadhi ya Jamii, kwa kawaida wakiwa na miaka 62. Kato hilo ni la sheria ya pensheni, halina uhusiano na GPO, na bado lipo. Anayepokea pensheni ya ulemavu asome masharti ya mkataba wake, maana baadhi ya mipango hupunguza pensheni hiyo dola kwa dola.

Mwenzi hupata asilimia ngapi, na mjane ngapi?

Mwenzi aliye hai hupata hadi asilimia 50 ya kiwango cha msingi cha mfanyakazi (anachostahili akianza katika umri kamili), akisubiri umri kamili, ambao ni miaka 67 kwa waliozaliwa 1960 au baadaye. Akianza na miaka 62 hupata asilimia 32.5. Mfanyakazi akichelewesha hadi 70, asilimia 8 za nyongeza kwa kila mwaka wa kusubiri ni zake. Nusu ya mwenzi haipandi nazo. Mfanyakazi lazima awe ameanza kupokea ndipo mwenzi aliye naye katika ndoa alipwe.

Mjane au mgane huanza na miaka 60 kwa asilimia 71.5, au na miaka 50 akiwa na ulemavu, na hufikia asilimia 100 katika umri wake kamili. Hapa kuchelewesha kwa marehemu kunamfaidi mjane. Ndoa iwe ilidumu angalau miezi 9 kabla ya kifo, isipokuwa katika hali chache kama ajali.

Mimi ni mjane mwenye pensheni ya serikali. Nianze lini?

Wakati wa GPO swali hili lilikuwa na jibu fupi la huzuni. Sasa lina uzito.

Kama huna mafao yako mwenyewe ya Hifadhi ya Jamii, unapima tu kati ya kuanza mapema kwa kiwango kidogo na kusubiri umri kamili. Kusubiri kupita umri kamili hakuongezi hata senti moja, hivyo usivuke hapo.

Kama una mafao yako pia, mafao ya mjane hayafungamani na yako. Unaweza kuanza na ya mjane ukiwa na 60 na kuyaacha yako yakue hadi 70, au kuanza na yako kwa 62 kisha kuhamia ya mjane katika umri kamili. Mwenzi aliye hai aliyezaliwa Januari 2, 1954 au baadaye hana uhuru huu: akiomba moja amehesabiwa kuomba yote mawili. Unapojaza maombi, waambie waandike wazi kwamba unaomba aina moja pekee.

Kuna mtego ambao hata baadhi ya makarani husahau kuutaja. Kama marehemu alianza kupokea mapema, mjane hawezi kuzidi kile marehemu alichokuwa akipokea au asilimia 82.5 ya kiwango chake cha msingi, chochote kilicho kikubwa kati ya hivyo. Marehemu mwenye kiwango cha 2,000 aliyeanza na miaka 62 alipokea 1,400. Kikomo cha mjane ni 1,650. Kwa mjane ambaye umri wake kamili ni 67, kiwango hicho hufikiwa akiwa na miaka 62 na miezi 8 hivi. Anayengoja hadi 67 akitarajia 2,000 anapoteza zaidi ya miaka 4 ya malipo bure. Kabla ya kuamua kusubiri, uliza kwanza marehemu alianza kupokea akiwa na umri gani.

Pensheni ninayoachiwa na mwenzi aliyekuwa mtumishi wa serikali iko wapi katika haya yote?

Hiyo ni fedha nyingine kabisa. GPO ilihusu pensheni ya kazi yako mwenyewe. Mjane aliyeachiwa sehemu ya pensheni ya mumewe hakukatwa kwa sababu ya fedha hiyo hata zamani.

Lakini sehemu hiyo huamuliwa siku mtumishi anapostaafu, na kuibadili baadaye ni vigumu au haiwezekani. Chini ya FERS, kumwachia mwenzi asilimia 50 hugharimu asilimia 10 ya pensheni ya mstaafu, na asilimia 25 hugharimu 5. Chini ya CSRS mjane hupata hadi asilimia 55, na gharama ni asilimia 2.5 ya dola 3,600 za kwanza za mwaka na asilimia 10 ya kinachozidi.

Usiikatae kwa kusema kwamba sasa mwenzi atakuwa na Hifadhi ya Jamii. Mjane wa mtumishi wa serikali kuu asiyeachiwa sehemu ya pensheni kwa kawaida hupoteza pia bima ya afya ya kazini aliyokuwa amefunikwa kupitia marehemu. Na kama mtumishi hakuwahi kukatwa kodi ya Hifadhi ya Jamii, hakuna mafao ya mjane kutoka kwake, hivyo pensheni hiyo ndiyo pekee atakayoiacha.

Nimetalikiwa. Nahusika?

Ndiyo, kama ndoa ilidumu angalau miaka 10. Kwa mafao ya mtalaka ambaye mwenzi wake wa zamani yuko hai, uwe na miaka 62 na hujaolewa au kuoa tena. Talaka ikipita miaka 2, huna haja ya kusubiri mwenzi huyo aanze kupokea, mradi amefikisha 62. Akifariki, unapata kama mjane. Kuolewa tena baada ya kufikisha miaka 60 hakukuondolei haki hiyo, lakini kabla ya hapo kunaiondoa kwa muda wote ndoa mpya inapodumu. Unacholipwa hakimpunguzii yeye wala mwenzi wake mpya, na SSA haiombi ridhaa yake.

Bado nafanya kazi. Nitakatwa?

Chini ya umri kamili, mwaka 2025 ulizuiliwa dola 1 kwa kila 2 zilizozidi dola 23,400 za mshahara. Kwa mwaka 2026 kikomo ni 24,480. Pensheni haihesabiwi kama mshahara. Ukifika umri kamili, kizuizi hiki kinakwisha.

Kodi na Medicare vitabadilika?

Vitabadilika, na watu wengi wenye pensheni hawajajiandaa. Chukua kipato chako chote pamoja na nusu ya mafao ya Hifadhi ya Jamii. Kwa asiye na ndoa, jumla ikipita dola 34,000, hadi asilimia 85 ya mafao hutozwa kodi. Kwa wanandoa wanaojaza pamoja ni 44,000. Mjane mwenye pensheni ya 30,000 na mafao ya 12,000 anafikia 36,000, tayari amepita. Jaza fomu W-4V ili ukatwe kodi kila mwezi kwa asilimia 7, 10, 12 au 22.

Malimbikizo ya 2024 yaliyolipwa 2025 huhesabiwa kwenye marejesho ya kodi (fomu ya kodi ya mwaka) ya 2025. Fomu SSA-1099 huonyesha kiasi kilichohusu 2024. Sheria ya kodi inakuruhusu kukokotoa sehemu hiyo kwa kutumia kipato cha 2024 bila kurekebisha marejesho ya mwaka huo. Piga hesabu kwa njia zote mbili uchague iliyo nafuu, kwa kuwa kipato cha 2025 ndicho kitakachoamua kama ada yako ya Medicare ya 2027 itapandishwa.

Kama ulikuwa ukilipa Medicare sehemu B kwa bili au kupitia pensheni ya CSRS, SSA itaanza kuikata kwenye mafao. Hakikisha huikatwi mara mbili. Iliyolipwa kwa ziada hurudishwa.

Mwenzi wangu alikatwa GPO, akafariki kabla ya kulipwa malimbikizo.

Malimbikizo ya miezi aliyokuwa hai kuanzia Januari 2024 hayapotei kama alikuwa ameandikishwa kupokea mafao. Jaza fomu SSA-1724. Anayeangaliwa kwanza ni mwenzi, kisha watoto, kisha wazazi, na mwisho msimamizi wa mirathi.

Nina pensheni ya serikali ya nchi nyingine. Je?

GPO haikuhusu pensheni za nchi za nje. WEP iliweza kukata mafao kwa sababu yake, na hiyo nayo imefutwa. Kama barua yako bado inaonyesha kato hilo kwa miezi ya baada ya Desemba 2023, lalamika.

Kiasi nilicholipwa hakionekani sahihi.

Subiri barua ya uamuzi, maana fedha mara nyingi huingia benki kabla yake. Kisha linganisha mwezi kwa mwezi: kiwango cha kila mwezi kuanzia Januari 2024, ada ya Medicare iliyokatwa, na kodi. Makosa ya kawaida ni rekodi kutumia pensheni ya zamani, ndoa au talaka kutosajiliwa, na nyongeza ya mwenzi kutohesabiwa upya baada ya WEP kuondolewa.

Ukiona kosa, una siku 60 tangu upokee barua kuomba uamuzi uangaliwe upya kwa fomu SSA-561, na SSA huchukulia kwamba barua inakufikia siku 5 baada ya tarehe iliyoandikwa juu yake. Peleka nakala, baki na asili, na omba stakabadhi yenye muhuri wa tarehe.